Mahdia na ng'ambo yake



Wengi wetu tukisikia "Mafatimi" mara moja akili inakwenda Kairo na Al-Azhar. Na mie nilikuwa hivyo hivyo. Kumbe kabla ya Kairo ulikuwepo mji mwengine, mdogo, umejitokeza baharini katika pwani ya mashariki ya Tunisia, na humo ndimo dola ile ilimojificha ikakua. Mji huo ni Mahdia. Aprili iliyopita Mwenyezi Mungu alinijaalia nikauona. Nilikwenda kwa ajili ya taarikh ya watu wengine, nikarudi nikiwa nafikiria ya kwetu Unguja, na ndiyo sababu nimeona niandike. Mnivumilie kwa urefu.

Njia rahisi ya kufika ni kupanda treni ya pwani kutoka Sousse. Inapita Monastir, inasimama kila kituo, imejaa wanafunzi na mama wenye vikapu, na mwisho wa reli ndiyo Mahdia. Ukishuka unaikuta bandari ya wavuvi mbele yako, nyavu zimeanikwa chini, paka wamekaa kusubiri riziki zao. Kwa hapo mtu wa Malindi hajihisi mgeni. Ukifuata barabara kidogo unaliona lango kubwa la mawe, nalo linaitwa Skifa al-Kahla, yaani ukumbi mweusi. Na kweli mweusi! Si lango la kuvuka hatua mbili ukawa umeingia. Ni njia ndefu ya kuba, nyembamba, yenye giza, na jua la mchana unaliacha nyuma yako mpaka utokee upande wa pili. Jengo unaloliona leo limetengenezwa upya baada ya uharibifu wa karne ya 16, lakini mahali na shabaha ni vile vile tangu mwanzo: anayeingia mjini apite hapa, na apite mmoja mmoja.

Ukitazama ramani utaelewa. Mahdia ni rasi kama kilomita moja na nusu hivi, nyembamba, pande tatu bahari, na upande wa nne ni shingo tu ya kuungana na bara. Ukiziba shingo umeuziba mji. Hicho ndicho alichokitafuta mwasisi wake.

Mwasisi mwenyewe ni Abdullah al-Mahdi, khalifa wa kwanza wa Mafatimi. (Waliompinga walipenda kumwita "Ubaydullah", kwa kumdogosha, na jina hilo likaingia vitabuni mpaka leo. Tuangalie hilo tunapoandika.) Alitoka Salamiyya huko Shamu, akakimbia mpaka Sijilmasa, magharibi ya mbali, na mwaka 909 daiya wake Abu Abdillah alimfungulia njia ya utawala kwa panga za kabila la Kutama. Katika mwaka huo huo, jeshi lile lile likiwa njiani, liliuangusha mji wa Tahert na uimamu wa Kiibadhi wa Banu Rustam, uliokuwa umesimama tangu mwaka 777 au karibu yake. Miaka miwili baadaye, 911, al-Mahdi alimuua huyo Abu Abdillah aliyemweka kitini. Basi mtu wa namna hiyo alikuwa na sababu ya kutafuta mji ambao hapati usingizi wa mang'amung'amu. Akazunguka pwani, akaipata rasi hii, na mwaka 916 ujenzi ukaanza. Mwaka 921 akahamia.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa jambo moja linalotuhusu. Al-Masudi, yule msafiri na mwanataarikh wa Baghdad, anatuambia kwamba safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, ambao ni 916 au 917. Wataalamu wengi wanaiona Qanbalu kuwa Pemba. Maana yake ni kwamba waashi walipokuwa wakiweka mawe ya mwanzo ya Mahdia, mtu huyu alikuwa baharini mwetu, ametoka kuwaona Waislamu waliokuwa wakisema lugha ya Zanj. Anaeleza pia kwamba pembe za ndovu za Zanj zilikwenda Oman, na kutoka Oman zikapelekwa Bara Hindi na China, na lau si hivyo pembe zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu. Kwa hiyo wakati ule Mahdia na sisi tulikuwa mbali mbali, kila mmoja na bahari yake.

Nusu karne baadaye mambo yalibadilika. Mafatimi waliichukua Misri mwaka 969, wakahamia Kairo mwaka 973, na Bahari ya Sham ikawa mikononi mwao. Nasir Khusraw alipokuwa Misri katikati ya karne ya 11 aliziona sokoni pembe za ndovu zilizotoka Zanj. Na upande wetu, mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, iliokotwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa kwetu, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, miongoni mwake za Mafatimi. Akiba ile ni ya karne ya 11. Bila shaka dola iliyozaliwa nyuma ya lango lile jeusi ilifika, kwa dhahabu yake, mpaka kwenye mchanga wa Pemba. Nilisimama pale langoni nikiwa na fikra hiyo kichwani, na nitasema kweli, nilijiona kama mtu aliyekuja kutembelea jamaa.

Lakini sasa tuingie kwenye lile lililonifanya niandike.

Nje ya lango, upande wa bara, palijengwa mji wa pili ulioitwa Zawila. Jina hilo lipo mpaka leo, ni mtaa. Waandishi wa Kiarabu wa zama za kati wanasimulia namna watu walivyopangwa. Khalifa, jamaa zake, majeshi yake na khazina walikaa ndani ya boma. Wafanyabiashara na mafundi waliruhusiwa kuwa na maduka na bidhaa zao ndani ya boma, lakini nyumba zao, wake zao na watoto wao walikuwa Zawila. Asubuhi wanapita lango kuingia kazini, jioni wanapita lango kurudi, na lango linafungwa. Watu wakalalamika. Inasimuliwa kwamba al-Mahdi alipoambiwa alijibu kuwa yeye kwa mpango huo anakaa kwa salama, kwani usiku amewatenga na mali zao, na mchana amewatenga na watoto wao. Wakitaka kufanya fitina usiku, mali yao iko mkononi mwake. Wakitaka kufanya mchana, roho zao ziko nyuma.

Iwe alilisema neno hilo kwa ulimi wake au amesemewa na watu waliomchukia, mpango wenyewe ulikuwepo. Na ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili sana.

Ukafika mtihani. Mwaka 943 na 944 aliinuka Abu Yazid Makhlad bin Kaydad, mwalimu wa Kur-ani, mzee, kilema, mwenye kupanda punda, na kwa ajili hiyo akaitwa "mwenye punda". Mamake alikuwa mjakazi mweusi, na babake alikuwa mfanyabiashara wa njia za jangwani zinazokwenda nchi za Sudan. Naye alikuwa Ibadhi wa kundi la Nukkar. Akaiteka Kairouan, akawafunga Mafatimi mpaka hawakubakiwa na kitu isipokuwa rasi hii. Kuanzia Januari 945 akauzingira mji wa Mahdia, na inasemekana alifika mpaka kwenye uwanja wa sala, nje ya boma. Wapiganaji wake walipenya Zawila wakapora na kuua.

Nadhani mmeona. Watu wa Zawila, ambao khalifa aliwaweka nje kwa sababu hakuwaamini, ndio waliolipa mwanzo. Ndani ya boma nako kukawa na njaa. Ibn al-Athir anasimulia kwamba ghala za serikali zilifunguliwa kwa askari, na raia wakaanza kutoka, na kwamba wazingiraji wakawapasua matumbo wale waliokimbia wakitafuta dhahabu wanayodhani wameimeza. Mji haukuanguka. Katika mwezi wa Septemba 945 Abu Yazid aliondoka, na mwaka 947 mtoto wa khalifa, al-Mansur, alimkamata. Alikufa kwa majeraha, na ngozi yake ikachunwa, ikajazwa, ikatembezwa mijini.

Sasa, mie nimelelewa katika nyumba ya Kiibadhi, na majirani zetu Malindi walikuwemo Mabohora na Makhoja, ambao madhehebu zao zinarudi kwa Mafatimi hawa hawa. Tukinunua kwao, tukienda mazikoni kwao, na wao kwetu. Hakuna aliyenikumbusha Tahert wala Abu Yazid. Lakini nilipokuwa mtu mzima nikaanza kusoma, nikajikuta, bila ya kujua, nimeshachagua upande. Nikisoma kuanguka kwa Tahert naumia kana kwamba nilikuwepo. Nikisoma Abu Yazid amefika langoni, kuna kitu ndani kinanambia "alikaribia!" Huu ni ugonjwa wa wasomaji wa taarikh, na sisi tulio mbali na makwetu unatupata zaidi.

Dawa ya ugonjwa huu si kusema "huyo hakuwa wetu". Ni kweli Nukkar waliukataa uimamu wa Abdul-Wahhab bin Abdirrahman tangu karne ya 8, na kwa hiyo si ndugu wa karibu wa Maibadhi wa Oman wala wa Mzab na Jerba. Lakini hiyo ni hila ya kukimbia. Akishinda ni wetu, akichinja si wetu! Na mwenye kuwatetea Mafatimi naye ana hila yake: mji uliokoka, dola ikaenda kujenga Kairo, basi hesabu imefungwa. Hakuna katika pande mbili hizi anayemuuliza mtu wa Zawila.

Siku ya pili niliingia mji wa zamani. Upo uwanja mdogo unaoitwa Uwanja wa Kairo, una miti na meza za kahawa, na wazee wamekaa kama wetu wanavyokaa Jaws Corner. Msikiti Mkuu uko karibu. Wa asili ulibomoka, na huu uliopo ulijengwa upya katika miaka ya 1960 kwa kufuata ramani ya Mafatimi, na ukauangalia unafahamu kuwa ni kama ngome. Hauna mnara, na mlango wake umetokeza mbele kwa fakhari kama lango la mfalme. Mlango wa namna hiyo utaukuta tena Kairo katika Msikiti wa al-Hakim. Mbele zaidi, kwenye ncha ya rasi, yapo makaburi meupe yameteremka mpaka kwenye maji, na bandari ya zamani iliyochongwa katika mwamba. Al-Bakri anasema iliingiza meli 30, na mdomo wake ulikuwa na minara miwili na mnyororo wa chuma. Sasa zinafungwa mashua chache tu.

Mahdia inasifika kwa hariri. Nilimkuta mzee mmoja, mfumaji, dukani mwake, anafuma kitambaa cha bibi harusi. Akanisikia Kiarabu changu akajua si cha huko. "Yaa hajj, wewe wa wapi?" Nikamwambia nimetoka Maskati, lakini nimezaliwa Zanzibar. Tukaanza kuzungumza, yeye na lafudhi yake, mie na yangu, tukisaidiana kwa mikono. Nikamuuliza kama yeye ni mwenyeji wa humu ndani. Akacheka. "Hapana, siye watu wa Zawila. Bibi yangu akija huku alikuwa anasema, 'naingia mjini'."

Waungwana, neno hilo lilinikata. Kwa sababu na mie nilikuwa nikilisikia.

Kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akija kila siku kutufulia na kutupikia. Akikaa Mlandege. Tulimwita Bibi, na tulimpenda, na naamini alitupenda. Alfajiri anavuka Darajani, anasema "nakwenda mjini". Jua likizama anarudi "ng'ambo". Alikuwa na watoto wanne. Mchana wake wote aliutumia kwa watoto wa wengine, na mimi nikiwa mmoja wao, na usiku alirudi kwa watoto wake na kuiacha nyuma kila kazi ya mikono yake. Sikuwahi kujiuliza nani aliyewapikia wao. Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1964. Sasa nimekuwa mzee, nimesoma vitabu vya makabila na madola, na sikujiuliza swali hilo mpaka mfumaji wa Zawila aliponitajia bibi yake.

Nataka nieleweke. Sisemi kuwa Unguja ilikuwa Mahdia. Hapakuwa na khalifa aliyekaa akachora mpango. Lile hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo liliumbwa na Mungu, na likafukiwa kidogo kidogo mpaka ikabaki barabara. Mjini walikuwepo masikini, na Ng'ambo walikuwepo wenye nacho. Watu walioana, waliswali safu moja, na taarab ilivuka pande zote. Lakini jina lenyewe linatuhukumu. "Ng'ambo" ni ng'ambo ya nani? Ni ya yule aliyesimama mjini. Watu wengi wa kule walikuwa wajukuu wa watumwa walioachwa huru, na watu waliokuja kutoka bara kutafuta kazi, na ardhi waliyojengea vibanda vyao walikuwa wakiilipia kodi kwa watu wengine, mpaka wakagoma mwaka 1928. Hatukuhitaji lango. Tulikuwa na mazoea, na mazoea hayana haja ya mlinzi.

Na usiku ule wa Januari 12, 1964, tukashangaa. Mpaka leo baadhi yetu tunaendelea kushangaa. Tunaeleza Mapinduzi kwa wageni waliotoka bara, kwa njama za nje, kwa silaha za Ziwani na Mtoni, na mengi katika hayo yana ushahidi wake. Na waliouawa waliuawa kwa dhulma, nami nina jamaa zangu miongoni mwao, na damu yao siiuzi kwa nadharia yoyote. Anayetaka kuwapunguza hatonipata upande wake. Lakini mtu anaweza kuwalilia maiti wake na bado akauliza ilikuwaje jirani akawa mbali kiasi kile. Miaka yote hii nimeuliza swali la kwanza tu: nani alitufanyia? La pili nilikuwa nalikwepa: tuliishi nao vipi?

Turudi Mahdia nimalizie. Boma lile liliwaokoa Mafatimi, hilo hakuna ubishi. Lakini angalieni: mwaka 948, mwaka mmoja tu baada ya ushindi, al-Mansur aliuhama mji uliomwokoa, akakaa Mansuriyya karibu na Kairouan. Boma likabaki, na wenye kulilipia wakabaki wale wale. Mwaka 1087 walikuja watu wa Pisa na Genoa, wakaiteka Mahdia na Zawila pamoja, wakachoma na kupora. Mwaka 1148 Roger wa Sicily akauchukua mji, na mwaka 1160 Muwahhidun wakawatoa watu wa Sicily. Mwaka 1550 wakaingia Wahispania, na mwaka 1554 walipokata tamaa ya kuulinda wakayaripua maboma kwa baruti kabla ya kuondoka. Vipande vyake unaviona mpaka leo vimelala majini. Lango limesimama peke yake, na kila mtu anapita humo akiwa na mkate wake mkononi, watoto wanalifanyia mwangwi kwa kupiga kelele.

Jioni ya mwisho nilikaa karibu na makaburi. Bahari ilikuwa shwari. Kutoka pwani ile vijana wanapanda mashua kwenda Lampedusa, wengine wanafika, wengine hawafiki. Nikawafikiria waliotoka Unguja kwa majahazi na mashua mwaka ule. Nikamfikiria yule mama wa Mlandege. Mara ya mwisho kumuona ilikuwa Darajani, siku chache baada ya ule usiku. Alituletea muhogo kwenye ukindu, akaukabidhi kwa mamangu, hakuingia ndani. Alivuka kwa khatari yake mwenyewe, kutokea upande ambao sisi tulikuwa tumeanza kuuogopa. Miezi michache baadaye tukaondoka, na sikuwahi kujua mwisho wake.

Nikirudi Unguja, inshallah, nitakwenda Mlandege kuulizia watoto wake. Watakuwa wazee kama mie. Nataka niwaulize wao walikuwa wakila nini mchana, na nani alikuwa akiwapikia. Ikiwa kuna miongoni mwenu mwenye kumbukumbu za maisha ya Ng'ambo kabla ya 1964, si za siasa, za maisha tu, za kodi, za chakula, za njia ya kwenda mjini na kurudi, basi tafadhali aziandike kabla hatujaondoka sote. Taarikh ya waliokaa ndani ya boma imeshaandikwa vya kutosha.

Mniwie radhi pale nilipokosea, na anisahihishe mwenye kujua zaidi.

Wabillahi tawfiq.